Picha za Mafia Ndani ya Sanduku la Dodoma: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Picha za Zamani za Familia

Shangazi yangu alipofariki tulifungua sanduku lake la bati nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, tukakuta picha zaidi ya 200. Nyingi zilipigwa visiwani Mafia: Chole, Juani, Kilindoni. Moja inaonyesha watu 11 mbele ya jahazi jipya, siku ya kulishua, yaani kuliteremsha majini. Wanaume wamejifunga misuli, wanawake wamejitanda kanga, mtoto mmoja amekaa juu kabisa ya omo, sehemu ya mbele ya chombo. Shangazi alikuwa akiwataja wote 11 bila kusita, kuanzia kushoto. Sisi tuliobaki tuliwatambua wanne. Wale saba nimewatafuta kwa miaka mitatu, na mpaka leo wawili hawana majina.

Mwongozo huu umetokana na kazi hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya familia za visiwani zinazoishi bara kama yetu. Hapa Dodoma tuko wengi: wapo waliokuja baada ya 1973, serikali ilipoamua mji huu uwe makao makuu, wapo walimu na mafundi, na wapo waliohama na wizara zao kuanzia 2016. Kila aliyehama alibeba picha chache. Kwa hiyo albamu ya kisiwa haiko kisiwani. Imegawanyika Area C, Majengo, Temeke, Tanga na Kilindoni, na hakuna nyumba moja yenye picha zote. Mtu wa Pemba, Kilwa Kisiwani au Ukerewe anaweza kufuata hatua hizi hizi.

Hatua ya kwanza: majina kabla ya mashine

Wengi wakiamua kuokoa picha hukimbilia kuskani. Mimi pia nilifanya hivyo, na nikapoteza miezi minne. Picha nyeusi na nyeupe ya mwaka 1960 iliyosafishwa vizuri studio inaweza kukaa sandukuni miaka mingi bado. Bibi mwenye umri wa miaka 84 anayewajua waliomo hatakaa miaka hiyo. Basi wiki za kwanza acha mashine, kaa na wazee.

Chukua picha 10 au 12 kwa kikao kimoja, zisizidi. Ukimpelekea mzee albamu nzima atachoka, na picha ya 30 ataijibu "sijui mwanangu" hata kama anaijua. Nenda asubuhi baada ya chai, mkae barazani penye mwanga. Kabla ya kwenda, pitisha kila picha steshenari utoe kopi ya ukubwa wa A4. Sura zinakuwa kubwa kwa macho ya mzee, na wewe unaweza kuandika namba juu ya kila kichwa kwenye kopi bila kugusa picha yenyewe.

Simu irekodi sauti, lakini kwa ruhusa. Mimi husema hivi: "Shikamoo bibi. Nimekuja unisaidie kuwajua hawa, na ninaomba nirekodi sauti yako, nisije nikasahau." Hakuna aliyewahi kukataa. Bibi mmoja aliniambia nizime alipofika kwa mume wake wa kwanza, nikazima, akaendelea kunisimulia kwa dakika 20 habari ambazo hazitaandikwa popote. Kabla hajaanza kuzungumza, sema wewe mwenyewe tarehe, jina lake na namba ya picha. Bila hayo, baada ya mwaka utakuwa na sauti tamu inayosema "huyu hapa ndiye aliyezama" na hutajua huyu ni yupi.

Swali la kwanza lisiwe "huyu ni nani?" Linamfanya mzee ajione yuko kwenye mtihani, na asipokumbuka anaona aibu. Uliza kwanza: "Hapa ni wapi?" Akishakumbuka uwanja, kisima au mwembe, watu huja wenyewe. Kisha uliza ilikuwa shughuli gani, nani alipiga picha, zile kanga zilinunuliwa wapi, na nani alipaswa kuwepo lakini hayumo. Hilo la mwisho limenipa habari nyingi kuliko maswali mengine yote. Kwa swali hilo nilisikia habari za vijana waliokuwa safarini Zanzibar, za msiba uliotokea wiki hiyo hiyo, na za ndugu wawili walionuniana kwa sababu ya shamba la minazi.

Andika jina kamili: la mtu, la baba yake, la utani, na uhusiano wake na anayesimulia. Kwetu mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na jina hilo peke yake halitoshi kwa mjukuu atakayesoma mwaka 2060. Hali kadhalika "mjomba". Mjomba wa nani? Andika "kaka wa mama yake fulani".

Mwaka usiuulize moja kwa moja. Uliza kabla au baada ya jambo: kabla ya Uhuru wa Desemba 1961? Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964? Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limetangazwa? Vijana walikuwa wamerudi kutoka vita vya Kagera, 1979? Kisha shuka kwenye mambo ya nyumbani: ulikuwa umeshamzaa nani? Nyumba hii ilikuwa bado ya makuti au imeshaezekwa bati? Ukipata "kati ya 1967 na 1971", andika hivyo hivyo. Usikate katikati ukaandika 1969, kwa sababu atakayekuja ataamini kwamba ulikuwa na ushahidi.

Watafute hasa wale waliofanya kazi na vyombo vya baharini. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha, anayeishi sasa kwa mwanawe Kizota, nilimwonyesha picha ambayo kila mtu aliiona kama picha ya watoto ufukweni. Hakuwatazama watoto. Alitazama mashua mbili nyuma yao, namna zilivyolazwa na upande ulioelekea, akasema: "Hapa ni kusi limekaza, na ile ya pili inakalafatiwa." Kusi ni upepo wa kusini, na kukalafati ni kuziba nyufa za chombo. Kwa sentensi hiyo tulipata msimu, na kwa mashua tukampata mwenyewe, na kwa mwenyewe tukawapata watoto.

Wazee wawili wakitofautiana, usiwe hakimu. Andika la huyu na la yule, kila moja na jina la aliyelisema. Na kuna majina ambayo mtu akiyataja atalia. Funika picha, acheni kazi, ombeeni marehemu dua. Mtarudi siku nyingine.

Hatua ya pili: daftari la picha na kuazima kwa adabu

Nunua daftari gumu la kurasa nyingi. Kila picha ipate namba yake, ya kudumu, isiyobadilika hata ukipanga upya. Sisi tumeweka herufi za nyumba ilikotoka picha kisha namba: NK-001 ni ya kwanza ya Nkuhungu, TM-014 ni ya 14 kutoka kwa ndugu wa Temeke. Kwenye mstari wa kila namba andika mwenye picha, ukubwa wake kwa sentimita, maandishi ya nyuma neno kwa neno pamoja na makosa yake, na waliomo.

Ukienda kuazima picha kwa ndugu, usiondoke nazo kwa mdomo tu. Zihesabu mbele yake, andika idadi kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na moja, na taja siku ya kurudisha. Rudisha kabla ya siku hiyo. Familia nyingi zimeshaumizwa: kuna mtu alikuja zamani akachukua picha za babu "akazikuze", hakuonekana tena. Kwetu ni jamaa mwenyewe aliyefanya hivyo, na ndiyo maana mama zetu wadogo wawili walichukua mwaka mzima kabla ya kunifungulia kabati. Ukiweza, nakili picha pale pale nyumbani kwao na usiondoke na kitu.

Hatua ya tatu: geuza picha, kisha tazama pembeni

Mgongo wa picha husema mengi. Picha za studio za zamani hubeba muhuri. Zanzibar ilikuwa na wapigapicha tangu karne ya 19, kama nyumba ya A. C. Gomes, na baadaye Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Watu wa Mafia walifika Zanzibar na Dar es Salaam kwa biashara ya mbata (nazi kavu) na samaki, wakapiga picha wakiwa huko, hivyo usishangae muhuri wa mjini nyuma ya sura ya mtu wa Chole. Muhuri wenye neno Tanganyika kwa kawaida ni wa kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba mwaka huo, kwa hiyo muhuri wenye neno hilo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Lakini muhuri wa zamani uliweza kuendelea kutumika mpaka wino ukaisha. Uchukulie kuwa dalili, tafuta na nyingine.

Nguo nazo zinasema. Chukua kioo cha kukuzia usome kanga: jina la kanga mara nyingi linasomeka, na bibi akilisikia atakumbuka mwaka ilipotoka na nani alipewa. Pindo lenye alama ya kiwanda cha Urafiki haliwezi kuwa la kabla ya 1968, mwaka kiwanda kilipoanza kazi. Suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vinakupeleka miaka ya 1970.

Kisha tazama nyuma ya watu. Chole ilikuwa makao ya utawala wa Wajerumani kabla ya utawala kuhamia Kilindoni, na magofu ya majengo hayo, yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, yanaonekana kwenye picha kadhaa za familia. Magofu ya Kua yako Juani. Ukuta unaodhani ni nyumba ya jirani unaweza kuwa gofu linalojulikana, na likijulikana linakuambia ni kisiwa gani na upande gani. Mti mkubwa pia husaidia: nimeshapata mahali pa picha tatu kwa mbuyu mmoja.

Aina ya picha itakuambia ipi iwahi. Wengi hudhani picha kongwe ndiyo dhaifu. Kwa kawaida ni kinyume chake. Picha nyeusi na nyeupe imeundwa kwa chembe za madini ya fedha na huvumilia. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimeundwa kwa rangi za kemikali zinazofifia hata zikiwa gizani, na kwa kuwa ile ya bluu-kijani ndiyo mara nyingi hutangulia kufa, picha nzima hubaki nyekundu au ya chungwa. Hizo ndizo zinazokufa sasa hivi mikononi mwetu. Ziwe za kwanza kunakiliwa, picha za babu wa 1950 zifuate.

Ukikuta negativu, vile vipande vya filamu vilivyotumika kutolea picha, shukuru Mungu na usizitupe. Zishike pembeni tu. Zikinuka siki zimeanza kuoza. Zitenge na zingine siku hiyo hiyo, maana mvuke wake huharibu jirani zake, na zipeleke kunakiliwa mapema.

Hatua ya nne: kusafisha kidogo, na kujizuia sana

Neno kusafisha picha kwetu lina maana ya studio, lakini hapa nasema vumbi. Osha mikono kwa sabuni, ikauke kabisa, usipake mafuta. Tumia brashi mpya laini, ile ya kupakia poda inafaa, uifagie picha kutoka katikati kwenda nje. Basi. Usiguse uso wa picha kwa kitambaa cha maji, spiriti, mate wala mkate, kwa sababu utando unaobeba picha nyeusi na nyeupe ni jelatini, na jelatini hulainika kwa maji. Usipulize kwa mdomo.

Picha iliyochanika usiunganishe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kupenya karatasi. Weka vipande pamoja kwenye bahasha moja, na uviunganishe kwenye nakala ya kompyuta. Leminesheni ndiyo adui mkubwa hapa mjini, kwa sababu kila steshenari inaitoa kwa bei ndogo na inaonekana kama ulinzi. Joto lake na gundi yake haviondoki tena. Leminisha kopi ukipenda, ya asili usiiguse.

Picha nyingi zilizotoka pwani zimegandana na kioo cha fremu kwa unyevu wa miaka. Usivute. Iskani au ipige picha ikiwa na kioo chake, kisha iache ilivyo. Albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizopendwa miaka ya 1980, zina shida nyingine: gundi inakausha na kuchafua mgongo wa picha. Kwanza piga picha ukurasa mzima, maana mpangilio wa aliyeipanga ni habari pia. Kisha jaribu kupitisha uzi wa kusafishia meno nyuma ya picha, polepole, kama unakata ugali. Ikigoma, acha.

Picha ikiloa, hasa kwa maji ya chumvi ndani ya chombo, isikaukie kwenye rundo. Ikiwa bado mbichi, ipitishe kwenye maji safi baridi, itenganishe na wenzake, ilaze kivulini uso juu mpaka ikauke. Zikiwa nyingi kuliko uwezo wako, zifunge kwenye mifuko ya plastiki uziweke kwenye friza, utazitoa chache chache. Zenye ukungu zipeleke nje, jifunge barakoa, ziache zikauke kivulini hadi ukungu uwe unga, ndipo ufagie.

Hatua ya tano: kunakili

Mashine bora ni skana ya kulaza, ile yenye kioo na kifuniko. Ukienda steshenari, simama ukaone mashine kabla ya kutoa picha mkononi. Kama ni ile inayomeza karatasi kwa rola, shukuru na uondoke. Itakunja picha ngumu ya zamani au kuipasua.

Mwombe mhudumu aweke nukta 600 kwa inchi, ambazo mashine huandika dpi 600. Wengi huacha 200 au 300 iliyowekwa kwa ajili ya vyeti, na hiyo haikuzi sura ndogo ya mtu aliyesimama nyuma. Kwa picha ndogo za sentimita 6 kwa 9 kushuka chini, weka 1200. Negativu zinahitaji 2400 au zaidi na mashine yenye taa kwenye kifuniko. Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, ili ubaki na rangi ya karatasi, ya muhuri na ya wino. Zima marekebisho yote ya mashine. Skani na mgongo kama una hata alama moja.

Nakala kuu ihifadhiwe kama faili la aina ya TIFF, ambayo haipunguzi chochote. Picha ya sentimita 9 kwa 13 kwa nukta 600 inatoa faili la karibu MB 20, hivyo picha 300 ni kama GB 6, zinaingia kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Kutoka kwenye hiyo tengeneza JPEG za kutumia na kugawa. Marekebisho ya mwanga na mikwaruzo fanya kwenye JPEG tu.

Huna skana? Simu inafaa, na kwa picha zisizoruhusiwa kutoka nyumbani kwa mwenyewe ndiyo njia pekee. Chukua boksi la katoni jeupe kwa ndani, ligeuze chini juu, kata upande mmoja mwanga uingie, toboa juu tundu la ukubwa wa kamera. Picha iwe chini, simu ilale juu ya boksi. Hapo simu haitikisiki na imelala sambamba na picha, na kukosa hayo mawili ndiko huharibu nakala nyingi. Fanya kazi karibu na dirisha, saa tatu au nne asubuhi, bila jua la moja kwa moja na bila flashi. Barazani usijaribu kuanzia Agosti hadi Oktoba: upepo wa Dodoma utakuchukulia picha mpaka kwa jirani, na vumbi litakaa kwenye kila sura.

Ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa. Ndugu wengi wanaamini wana nakala ya picha ya babu kwa sababu iko kwenye kundi la familia. Wakijaribu kuikuza wanakuta ukungu.

Hatua ya sita: jina la faili

Namba ile ile ya daftari itangulie, kisha mwaka au makisio, mahali, shughuli: NK-037_1967-1971_Chole_kushua-jahazi. Faili la mgongo wake liishie na herufi B. Usitumie majina kama "picha ya bibi mpya 2". Majina ya waliomo yaandike kwenye daftari na kwenye jedwali la kompyuta lenye safu ya namba, tarehe, mahali, waliomo kuanzia kushoto mstari wa mbele, aliyesimulia, faili la sauti, na ruhusa. Chapa jedwali hilo kwenye karatasi mara moja kwa mwaka. Karatasi haihitaji umeme wala nywila.

Ukitaka kuandika nyuma ya picha ya asili, andika namba tu, kwa penseli laini ya 2B, pembeni, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitu kigumu na safi. Peni hukandamiza na kutokeza mbele, na wino wake huhamia kwenye picha inayofuata.

Hatua ya saba: zikae wapi hapa Dodoma

Pwani adui ni unyevu. Hapa mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi mingine hewa ni kavu, hivyo ukungu hautusumbui sana. Kwa hilo sanduku la shangazi lilihifadhi vizuri kuliko kabati lililobaki Kilindoni. Lakini ukavu una gharama: picha hujikunja kama jani la mgomba, na jelatini hukakamaa. Picha iliyojikunja usiinyooshe kwa nguvu mwezi Septemba, itapasuka kwa mistari. Isubiri mvua, hewa ikilainika itafunguka yenyewe kiasi, ndipo uiskani. Picha zilizoletwa kutoka kisiwani nazo ziache ndani ya boksi lake siku mbili kabla ya kulifungua, zizoee.

Mchwa ndiye mwizi wa Dodoma. Boksi la karatasi sakafuni, limeegemea ukuta, ni chakula chao. Weka boksi juu ya kabati au meza, mbali na ukuta, ila pasiwe karibu na dari chini ya bati, kwa sababu joto la mchana kule juu hupika rangi. Chumba cha ndani, kabati lenye mlango, urefu wa kifua: hapo panatosha.

Vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula ni vizuri kama vina alama ya pembetatu yenye namba 5, 2 au 4. Namba 3 ni PVC, ile yenye harufu kali ya plastiki mpya, nayo hutoa mvuke unaoharibu picha. Kati ya picha na picha weka karatasi nyeupe safi. Bahasha za kaki na magazeti zina asidi. Zitaacha doa la kahawia. Usitie dawa ya nondo ndani ya boksi. Vile vifuko vidogo vinavyokuja na viatu vipya husaidia wakati wa mvua, ila vikishajaa unyevu havifanyi kazi, vibadilishe.

Faili ziwe na nakala tatu: moja kwenye hadi diski ya nje nyumbani, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo watu wawili wanajua nywila yake. Flashi pekee si hifadhi. Ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa inaweza kufuta yaliyomo. Sisi hufungua nakala zote tatu kila Idd el Fitri, familia ikiwa pamoja, na mtoto mmoja huchagua picha 20 bila kupanga kuona kama zinafunguka.

Hatua ya nane: nani aone, na kurudisha kisiwani

Kabla ya kuweka picha hadharani, rudi kwa mwenyewe au watoto wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kwetu adabu inatangulia sheria. Picha za bibi harusi ndani ya chumba, za wanawake wasiojifunika kwa kuwa walikuwa peke yao, za unyago: hizo zinahifadhiwa, zinaandikwa majina, na zinabaki kwa wanaohusika. Kwenye safu ya ruhusa andika moja kati ya matatu: kwa wote, kwa familia, kwa mwenyewe tu. Picha isiyo na jibu iwe ya familia.

Mkitaka nakala ziwekwe mahali pa umma, ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kwa picha zenye uhusiano na Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja. Toeni nakala za faili na jedwali la majina. Picha za asili zisitoke kwenye ukoo bila maandishi yanayosema zinabaki mali ya nani.

Nakala nyingine iende Mafia yenyewe, na iende kwenye karatasi. Mwaka jana tulichapa picha 40 kwa ukubwa wa A4, hatukuandika majina ya waliomo, namba tu. Tulizitundika kwa kamba na vibanio vya nguo uani kwa mjomba, Chole, siku ya pili ya Idd. Watu walikuja kutazama wakaanza kutaja. Siku hiyo tulipata majina matano kati ya yale saba ya kwenye jahazi, mengine kutoka kwa bibi mmoja ambaye alikuwa yule mtoto aliyekaa juu ya omo.

Ukipanga safari kama hiyo, fika Dar es Salaam kwa treni, panda basi la Nyamisati kutoka Mbagala, kisha boti ya Kilindoni. Boti hurusha maji. Funga kila furushi la picha kwenye mifuko miwili ya plastiki, midomo ikipishana, uliweke kwenye begi unalolipakata na si kwenye mizigo ya chini. Beba nakala tu. Na ubebe penseli nyingi, kwa sababu kila mtu atataka kuandika.